Vijiti vya vitafunio bila kuwasha jiko: naombeni ushauri, shughuli ni Jumamosi

Binti wa Mwanga

Wapendwa, habari za humu ndani.

Niko Kigoma mjini, Mwanga. Jumamosi tunamuaga mdogo wangu wa kike, sendofu ya nyumbani tu, uwanjani kwetu, wageni kama 60 hivi. Chakula kikubwa hakinihusu. Pilau, nyama, migebuka ya kukaanga na kachumbari wameshika mama zangu wadogo, na wao wameshachukua kila chenye moto: mafiga ya nje, majiko ya mkaa, hata mtungi wangu wa gesi wameuomba wa kuchemshia chai. Mimi nimeachiwa vitafunio vya kupokelea wageni, kuanzia saa tisa alasiri mpaka watu wakae na MC aanze kazi.

Mama alitaka sambusa na kachori. Jiko halipo, na mafuta ya kukaangia vitu vyote hivyo ni hela nyingine. Nikaona bora nitengeneze vijiti, yaani kama mishikaki ila vitu visivyopikwa, mgeni anachukua kimoja, anakula bila kuchafua mikono. Tatizo, picha ninazoziona zina jibini nyeupe za duara, zeituni, nyama nyembamba zilizokunjwa. Hapa kwetu vingi kati ya hivyo sivioni, na upande wa bwana harusi ni watu wa Ujiji, Waislamu, kwa hiyo nyama nisiyoijua asili yake haiingii mezani kabisa.

Nisaidieni: nichome nini kwenye kijiti? Nikate saa ngapi ili visinywee? Umeme ukikatika nifanyeje, maana friji ni moja na wameshaijaza soda? Na watoto watakuwepo wengi.

Mkazi wa Gungu

Hongereni kwa shughuli, dada. Mimi nisingehangaika: tikiti, nanasi, ndizi mbivu na papai, unachoma, umemaliza. Kamulia ndimu juu visibadilike rangi. Watu wanakuja kula pilau.

Jiko la Ujiji

Binti wa Mwanga, mdogo wangu, hongera sana. Hiyo kazi naijua, nawaandalia watu vitafunio kwenye shughuli za nyumbani hapa Ujiji na huko Mwanga, na vijiti baridi navipenda kuliko sambusa. Mgeni ametembea juani, au kashuka kwenye bodaboda na vumbi lake, umpe sambusa ya mafuta wakati pilau inamsubiri? Mpe kitu cha ubaridi chenye uchachu, kitamfungua hamu.

Sasa kabla hujafikiria utachoma nini, fikiria maji. Tunda au mboga ikishakatwa inatoa maji, na hayo ndiyo yanayoharibu vijiti. Tikiti linalegea, tango linakosa mkwaruzo, rangi ya hiki inamwagikia kile, na mgeni akinyanyua kijiti kinamchirizia kwenye gauni la shughuli. Kwa hiyo karibu yote nitakayokwambia hapa chini ni namna ya kuyazuia maji: chagua kilichokomaa ila hakijaiva kupita kiasi, kata mapema kiasi lakini choma kwa kuchelewa, kausha kila kipande, na chumvi iwe ya mwisho kabisa. Chumvi inayavuta maji kutoka kwenye tango mbele ya macho yako. Hata sukari na asali zinafanya hivyo hivyo.

Namheshimu ndugu wa Gungu, lakini ndizi na papai ziache. Papai bivu halikai kwenye kijiti, linateleza na kukatika. Ndizi inakuwa nyeusi. Ndimu inachelewesha tu weusi, haiuzuii. Parachichi nalo ni hivyo hivyo: likishakatwa na hewa ikaligusa, kimeng'enya kilichomo kinaanza kulitia ukahawia. Kama ungekuwa na wageni 10 na unachoma wakishakaa, ningekwambia weka. Kwa 60, hapana.

Fanya aina tatu. Watu wakiona aina saba wanasimama kuchagua na foleni inakwama, na wewe utakata vitu mpaka usiku. Tatu zinatosha ukihakikisha kila kijiti kina kitamu, kina kichachu au cha chumvi, na kina harufu.

Cha kwanza: nanasi na tango, juu yake jani la nanaa, halafu unga wa chumvi na pilipili. Wote tumekula embe bichi la chumvi na pilipili tukitoka shule; ladha ile ile unaihamishia kwenye nanasi. Chukua chumvi ya Uvinza, iko jirani yetu na inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemshia chumvi tangu enzi za misafara. Itwange na pilipili kavu na ganda la ndimu ulilolikwangua juu juu, lile la kijani tu. Jeupe la chini yake ni chungu. Unga huu utengeneze Ijumaa, ufungie kwenye kichupa kikavu.

Nanasi lichague kwa pua. Nusa chini kwenye kitako: likinukia utamu, chukua; likinukia uchachu wa pombe, limepitiliza, liache hapo hapo kwa muuzaji. Menya, toa macho, lipasue marefu mara nne, toa ule moyo mgumu wa katikati, ndipo ukate vipande vya upana wa kidole na nusu. Hapa usiwe na haraka. Tandaza kitambaa safi kikavu juu ya sinia, panga vipande visigusane, funika na kitambaa kingine, bonyeza taratibu kwa kiganja. Inua kitambaa utaona alama ya kila kipande imelowa, duara la manjano. Geuza, rudia upande wa pili. Baada ya hapo kipande kinashikika, hakitelezi, na unga wa chumvi utakaponyunyiza utabaki juu yake badala ya kuyeyuka kwenye kimiminika. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayotofautisha kijiti cha kununua na kijiti cha kujaribia.

Tango usimenye lote. Menya mistari, mmoja acha mmoja menya, ganda linashikilia kipande kisipasuke. Pasua refu, kwangua mbegu na kijiko (maji mengi ya tango yako kwenye mbegu), kisha kata vipande vinene. Mpangilio: nanasi chini, tango, nanasi, jani la nanaa limekunjwa mara mbili juu. Kijiti kipite katikati ya kipande, maana ukichoma karibu na ukingo nanasi linachanika.

Cha pili: tikiti na nanaa na ndimu. Tikiti gonga, lisikie. Na tazama lile doa lililokuwa limelalia ardhi, likiwa la manjano limekomaa shambani, likiwa jeupe lilichumwa mapema. Kata vipande vya mraba, toa mbegu zote zinazoonekana. Vipande viwili kwa kijiti, nanaa katikati yake. Ndimu usikamulie kabla. Kata vipembe, weka bakuli kando, anayetaka atajikamulia. Kama embe zimeshaanza kuja sokoni, weka embe moja gumu kidogo mahali pa tikiti moja. Ujiji msimu wa embe haukosi kitu, lakini chagua zile zisizo na nyuzi, za nyuzi zitamnyima raha mtu aliyevaa meno ya bandia, na bibi zetu watakuwepo.

Cha tatu ni tende, na hiki kitakuokoa kwa sababu hakitoi maji. Unakitengeneza Ijumaa usiku, unalala. Pasua tende upande mmoja, toa kokwa, jaza siagi ya karanga nzito au korosho moja nzima, ifunge kwa kuibana, choma na kijiti kifupi cha meno. Watu wa Ujiji wataifurahia hiyo zaidi ya unavyodhani, tende si ya Ramadhani peke yake. Sinia lake liwe peke yake na uwaambie wageni kuna karanga, wapo watu karanga zinawadhuru vibaya.

Hesabu: pilau ipo, kwa hiyo vijiti vinne kwa mtu vinatosha, jumla 240. Gawa 90 vya nanasi, 90 vya tikiti, 60 vya tende. Nanasi la wastani linatoa vipande 40 hivi, nunua 5. Matango 6 makubwa. Matikiti 2 ya wastani. Tende nusu kilo na ziada kidogo. Nanaa mafungu kadhaa, ni rahisi na yatanyauka mengine.

Kuhusu umeme, tafuta deli. Anayeuza barafu au samaki mtaani atakuazima ukimrudishia limeoshwa, ila la samaki lisikaribie matunda, harufu haitoki. Gandisha chupa za maji tangu Alhamisi kwa jirani mwenye friza. Matunda yaliyokatwa yawe kwenye vyombo vyenye vifuniko, juu ya chupa hizo.

Mvuvi wa Kibirizi

Nimesoma yote, ni mazuri, lakini nina swali kwa Jiko la Ujiji. Tuko Kigoma, mgeni akitoka Dar anachouliza kwanza ni dagaa. Mbona hakuna dagaa kwenye kijiti? Kuna ndugu yangu alikwenda Uhispania, akanionyesha picha za mji wa San Sebastián, kule kaskazini. Watu wanakula vijiti vya zeituni, pilipili ya siki na samaki mdogo kama dagaa, bila kupikwa, na ndiyo sifa ya mji. Sisi wenye Ziwa Tanganyika tunashindwaje? Dagaa wangu ni safi, tunaanika kwenye vichanja siku hizi, hawana mchanga.

Jiko la Ujiji

Kaka yangu wa Kibirizi, swali lako ni la haki na nina hamu nalo kama wewe. Kijiti hicho cha Uhispania nakijua. Yule samaki wao ni wa baharini, na kabla hajafika kwenye kijiti amelazwa kwenye chumvi nyingi, amekandamizwa kwa uzito, miezi kadhaa, kisha akatolewa miiba na kuwekwa kwenye mafuta ya zeituni. Chumvi ile na muda ule ndivyo vinavyomfanya aliwe bila moto. Dagaa wetu wa jua, hata akianikwa kwenye kichanja kizuri namna gani, ni samaki mbichi aliyekauka. Inzi wamempitia, mikono imempitia. Lazima aione sufuria au kikaango kabla ya mdomo. Siwezi kumwambia binti amweke mbichi mbele ya wageni 60.

Ila usikate tamaa. Mama zake wadogo wanakaanga migebuka. Mafuta yakishakuwa moto, wakaange na dagaa fungu moja, wakauke vizuri, wakamuliwe ndimu. Usiwachome kwenye kijiti, dagaa aliyekaangwa akawa mkavu anavunjika ukimgusa na ncha. Waweke kwenye bakuli katikati ya meza, pembeni vipande vya tango na vijiti vya meno vya kuvichukulia. Mgeni wa Dar ataona ziwa.

Binti wa Mwanga

Dada, sijui nikushukuru vipi. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Nina mawili. Shemeji yangu mmoja anakuja na gari kutoka Mwanza, kasema anaweza kuniletea jibini. Nimwambie alete? Na nikiiweka na nanasi, kama nilivyoona kwenye picha za Wazungu?

Jiko la Ujiji

Alete, kama ana deli lenye barafu la safari nzima. Mwambie alete ile ngumu ya kipande, ya njano. Ile nyeupe laini inayokaa kwenye maji yake usiiwaze kwa safari hiyo.

Kwa nanasi, sikiliza vizuri. Kijiti cha jibini na nanasi kilivuma sana Uingereza miaka ya 1970, sherehe nyingi za nyumbani hazikukikosa. Lakini wao wengi walitumia nanasi la kopo, na nanasi la kopo limepitia moto. Nanasi bichi kama letu lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndicho hicho kinachokuacha ulimi unawasha ukila nanasi jingi, na ndicho kinacholainisha nyama ukiichanganya na nanasi kabla ya kuchoma. Kikikutana na jibini wakati wa kula hakuna neno. Vikikaa pamoja kuanzia asubuhi, upande wa jibini unaoligusa nanasi unakuwa laini, na uchungu unaweza kuingia. Kwa hiyo ama uchome dakika za mwisho, ama uiweke jibini na kitu kingine.

Mimi ningeiweka na nyanya. Waitalia wana sahani yao ya kisiwa cha Capri: nyanya, jibini nyeupe na majani ya mrehani, rangi zile tatu za bendera yao, nyekundu, nyeupe na kijani. Hapa Ujiji mrehani unao kwenye uwanja wa nyumba nyingi za kina bibi, wanaupanda kwa harufu. Omba vitawi viwili kwa jirani. Angalia tu asikupe kivumbasha, vinafanana kwa mbali na ndugu ni wamoja, lakini kivumbasha ni kikali, hicho tunafukuzia mbu. Nusu nyanya ndogo, jani, kipande cha jibini, basi. Nyanya kama ni kubwa ikate vipembe utoe mbegu na ule urojo wake. Kama hamna nyanya ndogo sokoni, usihangaike nazo.

Fanya vijiti 30 tu vya hivyo, kwa ajili ya meza kuu. Jibini ni ghali na wageni wengi wa kwetu hawaizoei. Kuna mzee atakirudisha kijiti kwenye sinia akidhani kimeharibika.

Muuguzi mstaafu, Kasulu

Binti yangu, Jiko la Ujiji kakuelekeza vizuri sana kwa ladha. Mimi naongeza la usalama, kwa sababu chakula kisichopikwa hakina moto wa kukisafisha. Usafi wako ndio moto wake.

Mkoa wetu tunaijua kipindupindu. Mwaka 2015 kule Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi walipofika kwa wingi, ugonjwa ule uliua watu. Unapita kwenye maji na mikono. Kwa hiyo maji ya kuoshea nanaa, tango na nyanya yawe yamechemshwa yakapoa, au yametiwa dawa ya kutibu maji kwa kipimo cha kwenye chupa. Tikiti na nanasi osha ganda kabla ya kukata, maana kisu kinapita kwenye ganda na kuingiza uchafu ndani. Ubao uliokatiwa nyama au kuku Ijumaa usiuguse Jumamosi. Anayeharisha au mwenye kidonda mkononi, hata kama ni shangazi mwenye kujua kazi, mpe kazi ya kupanga viti.

Barafu ya mifuko ya kununua hujui ilitengenezwa kwa maji gani. Iwe chini ya sinia tu, isiguse chakula. Tunda lililokatwa lisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kinachotakiwa kukaa baridi kikae chini ya nyuzi 5. Kati ya hapo na nyuzi 60 vijidudu vinazaliana haraka. Toa masinia kidogo kidogo, mengine yabaki kwenye deli.

Kwa watoto: wa chini ya miaka mitano asipewe kijiti chenye ncha wala nyanya ndogo nzima wala zabibu nzima. Ni duara kamili la kuziba koo. Zikatwe kwa urefu vipande vinne. Korosho na karanga nzima pia wadogo hao wasipewe. Watengee bakuli la tikiti lililokatwa, wale kwa uma au mkono ulionawa, wakiwa wamekaa.

Mwana wa Isevya

Nawasalimu kutoka Tabora. Mmezungumza embe mkasahau asali? Kwetu huku asali ya misitu ya miombo ndiyo sifa yetu. Mchirizie nanasi asali kabla hujapanga kwenye sinia, uone watu watakavyouliza. Kama unataka naweza kukutafutia Sikonge, iletwe na basi.

Jiko la Ujiji

Ndugu wa Tabora, asali yenu naiheshimu na ndani kwangu haikosekani. Ila usiichirizie mapema, itavuta maji ya nanasi na sinia zima litanata, mikono itanata, na nyuki na inzi watakuwa wageni wa kwanza. Ifanye ya kuchovya: asali sehemu mbili, maji ya ndimu sehemu moja, pilipili kidogo iliyotwangwa, koroga mpaka iwe nyepesi, weka kwenye vibakuli vidogo. Mgeni anachovya ncha ya nanasi mara moja, anakula. Inapendeza mno. Na mama mwenye mtoto asiyetimiza mwaka asimlambishe asali hata kwa ncha ya kidole. Muuguzi wetu atanithibitishia.

Muuguzi mstaafu, Kasulu

Nathibitisha. Chini ya mwaka mmoja, asali hapana, inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kupambana nazo.

Binti wa Mwanga

Ndugu wa Isevya, nitakutafuta faragha kwa asali, chupa mbili zitanitosha. Mama amekubali habari ya kuacha sambusa baada ya kumsomea hiyo ya tende.

La mwisho, nimeona vijiti vimesimamishwa, havikulazwa. Vinasimamaje? Na vijiti vya mishikaki vya dukani ni virefu, vitafaa?

Jiko la Ujiji

Vitafaa. Vikate katikati kwa mkasi mgumu. Upande uliokatwa uparaze kwenye jiwe la kunolea au msasa usibaki na vibanzi, huo ndio upande wa kushika. Kuviloweka ni kwa ajili ya moto, visiungue, kwa hiyo wewe huna haja ya kuviloweka. Vioshe, vianike vikauke.

Kusimamisha, tumia kabichi. Chagua iliyofunga vizuri, nzito, kata kitako ikae sawa, ioshe, ifunge na foili, kisha panda vijiti kuanzia chini kuzunguka kwenda juu. Wale Waingereza wa jibini na nanasi walifanya hivyo hivyo, walifunga nusu ya tunda na foili na kuchomeka vijiti vyao mpaka ikawa kama nungunungu. Nusu ya tikiti iliyofunikwa chini, ganda juu, nayo inafaa na inapendeza bila foili. Ila sinia la kabichi ni la kupambia meza kuu, vile vya jibini na vichache vya nanasi. Kwa wageni wengine laza, maana kilichosimama hakipati ubaridi wa barafu iliyo chini. Masinia mawili: la chini lenye barafu, la juu lenye vijiti, na kawa juu yake. Kina bibi wa Ujiji wana makawa ya ukindu makubwa, azima mawili matatu, hewa inapita na inzi hawaingii, na uwanja unapata sura ya shughuli ya kwetu.

Siku yenyewe ipange hivi. Ijumaa: tende, unga wa chumvi, kukata vijiti, kuchemsha maji ya kuoshea, kuosha nanaa na kuikausha ndani ya kitambaa. Nanaa ikilala na maji inaoza. Jumamosi nenda sokoni Mwanga alfajiri, nanasi na tikiti zikiwa bado hazijakaa juani. Saa tano anza kukata, kausha, weka kwenye deli. Saa saba mkae watu watatu kuchoma, mmoja nanasi, mmoja tikiti, mmoja anapanga kwenye vyombo na kuhesabu. Asiwe mtu mmoja kila kitu, utachoka na utavaa gauni lako umelowa jasho. Ndimu kata saa nane. Unga wa chumvi na pilipili anyunyize yule anayetoa sinia, pale pale mlangoni, kabla hajatoka nalo nje, na asinyunyize sinia ambalo halitoki.

Kila sinia liende na kikombe kitupu cha kuwekea vijiti vilivyotumika, na kijana mmoja apite kukusanya. Kijiti kikianguka kwenye majani ya uwanja, kesho yake mtoto anakikanyaga peku.